Nyumba Inayokohoa

Mshenga alikohoa kwanza, ndipo akapiga hodi. Ndivyo alivyotengenezwa. Waliomtengeneza walikaa wakafikiri, wakaona kisanduku cha ukubwa wa kopo la kahawa hakiwezi kuropoka tu katikati ya sebule ya watu. Lazima kiwe na adabu za mzee aliyesimama mlangoni. Basi kila akitaka kusema hukohoa kikohozi kidogo cha heshima, khm khm, halafu, "Hodi wenyewe."

"Karibu," alisema Mwantumu. Alikuwa anasonga bada, ugali wa muhogo, jasho linamtoka.

"Nimekuja na neno la heri, Mama Chausiku. Kuna watu wameliona ua kwenye bustani yenu, wamelipenda, wamenituma nije niulize."

Mwantumu aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Mumewe, Shebughe, alitoka chumbani na kiatu kimoja mguuni.

"Watu gani?" aliuliza Shebughe.

"Shule ya Kilele."

Chausiku, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia akisikiliza, alipiga ukelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Kilele! Shule ya juu kilimani, yenye maabara ya kweli na basi lisilo na dereva linalomchukua mtoto mlangoni kwao na kumsalimia kwa jina. Shebughe alimnyanyua bintiye juu, akasahau kabisa kwamba ni msichana wa darasa la sita mwenye miguu mirefu kama ngazi, wote wawili wakaanguka kwenye kochi wakicheka.

Mwantumu hakucheka. Si kwamba hakufurahi, jamani. Alifurahi, moyo ulimpiga kama wa mtu aliyekimbia. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo mumewe aliiita ugonjwa, ya kugeuza kila zawadi aone chini yake kumeandikwa nini. Na hii aliigeuza palepale, hata bada haijatoka jikoni.

Kwa nini leo?

Tangu serikali ilipoacha kuzipa shule fedha na kuanza kumpa kila mtoto fungu lake, fungu hutembea na mtoto. Mtoto akienda Kilele, fungu linakwenda Kilele. Akibaki Kwelukonge, shule ya serikali ya pale mtaani, linabaki Kwelukonge. Mzazi ndiye mwenye kuchagua, walitangaziwa hivyo kwa ngoma na vipaza sauti, na ili mzazi asibabaike, kila nyumba ikapewa Mshenga wake. Mshenga anamsikiliza mtoto akisoma kwa sauti jioni. Mtoto akilala anavaa kikuku chembamba mkononi, nacho kinapima usingizi wake, kwa kuwa, walisema, aliyelala vizuri ndiye anayesoma vizuri. Halafu Mshenga anamtafutia mtoto shule inayomfaa.

Chausiku alivaa kikuku tangu darasa la tatu. Alisoma kwa sauti kila jioni, hakwami, hamezi neno. Posa haikuja. Mtoto wa muuza simu wa pale mtaani, asiyejua saba mara nane hata umtishie fimbo, aliposwa na shule mbili. Mwantumu aliuliza mara ngapi! Na kila mara jibu lilikuwa lilelile, laini kama sabuni: "Wake yuko njiani, mama. Mambo ya wakwe ni siri ya wakwe, mimi ni mshenga tu."

Mshenga tu. Mwantumu alizaliwa Tanga, posa anazijua. Tangu lini nyumba ya binti ikatuma mshenga? Mshenga anatumwa na upande wa mume. Anakula kwao, anasifia kwao. Anakuja kwako na maneno matamu, lakini jioni anarudi kutoa habari kule alikotoka.

Siku ya pili yake kidege cha mizigo kilishusha kifurushi uani. Ndani mlikuwa na sare ya bluu, jina la Chausiku limetariziwa kifuani. Kishika uchumba. Mshenga alieleza masharti: posa itakuwa kwenye uangalizi mpaka shule zifungwe, mtoto alale nyumbani kwake kila siku na kikuku chake, maana akilala kwingine kikuku kinanyamaza na posa inakufa. Baada ya hapo fungu linahama, yamekwisha.

"Uangalizi wa nini?" Mwantumu aliuliza.

"Wa kawaida tu, mama."

Nyumba ilikuwa kimya wiki ile. Mama yake Mwantumu, Bi Mwanakheri, alikuwa Mombo kwenye matanga ya shemeji yake.

*

Bi Mwanakheri alirudi Ijumaa, na kikohozi chake kikarudi naye. Hakikuwa TB, daktari alishamaliza maneno hayo. Kilikuwa vumbi. Miaka yake yote ya nguvu aliifanyia kazi kiwanda cha katani, chumba cha brashi, pale nyuzi zinapochanwa na hewa inakuwa nyeupe, na vumbi lile liliingia kifuani likakaa kama mpangaji asiyelipa wala kuhama. Alikohoa akipika, akisali, na zaidi akilala.

Na halali peke yake. Mzee halali peke yake, hilo halijadiliwi. Chausiku alilala kitanda kimoja na bibi yake tangu aache kunyonya, ampe maji, amwinulie mto, amwite mama yake ikibidi. Hata wangewatenganisha vyumba isingesaidia, maana nyumba yenyewe ni ya zile za kizamani, kuta zimeishia njiani hazikufika juu, ukipiga chafya chumba hiki unaambiwa "afya" na chumba kile.

Siku ya kwanza tu aliporudi, Mshenga alikohoa, khm khm, na Bi Mwanakheri akaitikia kama anavyomwitikia kila anayekohoa duniani: "Pole, mwanangu."

"Asante, bibi," Mshenga alijibu. Watu wakacheka.

Jumatatu asubuhi hapakuwa na kicheko.

"Khm khm. Hodi wenyewe. Wakwe wanasalimu sana. Wameomba muda kidogo wa kufikiri."

Shebughe aliweka kikombe chini. "Kufikiri nini tena? Sare si wameleta?"

"Hawajavunja, baba. Wanafikiri. Nyumba ikitulia, mambo yatanyooka."

Mwantumu alisogea mpaka karibu na kisanduku, karibu kabisa, kama anayetaka kukinusa.

"Anayekohoa si mtoto," alisema. "Ni bibi yake. Mtoto hana hata mafua."

Taa ya kijani kwenye kisanduku iliwaka.

"Sijataja kukohoa, mama," kilisema.

Mwantumu alirudi nyuma hatua moja. Aligeuka amwangalie mumewe, aone kama naye amesikia. Shebughe alikuwa anaitazama sare ya bluu iliyotundikwa kwenye msumari.

*

Mwantumu alikwenda Kwelukonge kwa miguu, hakumuaga mtu. Ndipo aliposoma yeye mwenyewe, enzi ambazo darasa lilijaa mpaka wengine wanakaa madirishani. Sasa madawati yalipandishwa juu ya madawati kwenye kona, na mwalimu wa hisabati aliondoka mwaka jana, kwa sababu watoto waliondoka na mafungu yao na mshahara wake ukawa haupo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Shemdoe, alikuwa anafundisha madarasa mawili kwa pamoja, amesimama mlangoni kati ya chumba na chumba.

"Umekuja kuaga," alisema alipomwona. "Kilele, nimesikia. Hongera. Sina kinyongo, Mama Chausiku, ila waambie watu ukweli: akitoka huyu na wengine wachache, tunashuka chini ya idadi inayotakiwa. Shule inafungwa. Wanaobaki watapelekwa Kituo."

Kituo kila mtu anakijua. Ni ghala la zamani, watoto wanakaa mmoja mmoja, vifaa masikioni, kila mmoja na kioo chake, na mlinzi mmoja wa kuwaambia wasilale.

"Mwalimu, kile kisanduku kinasikiliza kikohozi cha bibi usiku. Niruhusu niwaulize watoto swali moja."

Akamruhusu. Mwantumu alisimama mbele ya ubao, Chausiku wake akiwa dawati la pili, ameinamisha kichwa kwa aibu ya kuona mamake darasani.

"Nani hapa analala chumba kimoja na bibi yake, au babu yake?"

Mikono ilinyooka. Mmoja, mwingine, mstari mzima, halafu na wa chumba cha pili waliokuwa wanachungulia mlangoni nao wakanyoosha. Msichana mmoja tu, nyuma kabisa, hakunyoosha.

"Wewe unalala na nani, mama?"

"Na mdogo wangu. Ana pumu."

Mwalimu Shemdoe alishika kizingiti cha mlango. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na macho yakamjaa machozi mbele ya wanafunzi wake wala hakuyafuta.

"Muda wote huu," alisema polepole, "nilidhani wanakimbia kwa sababu mimi sijui kufundisha."

Walitoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha jengo. Mwantumu alijifunga kanga kiunoni kwa hasira. Ati mzazi ndiye anayechagua! Shule ndizo zinazochagua. Zinataka mtoto asiyekosa siku, asiyeambukiza, asiyelala darasani, na ili zisionekane zinabagua zimeweka kisanduku kikae kinasikiliza vifua vya watu wamelala. Na waliokitengeneza, wao kwao kila mtoto ana chumba chake na mlango wake, basi kikohozi kikisikika karibu na kikuku, wakachukulia ni cha mtoto. Haikuwaingia akilini kwamba kuna nyumba ambazo bibi halali peke yake.

"Nitasema," alisema. "Nitazunguka nyumba kwa nyumba. Wakijua watavivunja hivi visanduku kwa mawe."

"Usiseme."

"Kwa nini?"

Mwalimu aliangalia chini. "Mama Chausiku, watu wanawapenda watoto wao."

Mwantumu alimtazama kwa jicho la pembeni. Huyu naye anatetea shule yake, aliwaza. Fungu la Chausiku analitaka yeye pia. Nani basi asiyelitaka?

*

Nje ya nyumba yake alimwambia mtu mmoja tu. Mmoja! Alimwambia Mama Zuwena, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, shoga yake tangu usichana, mtu aliyemshika mkono leba. Zuwena naye alikuwa hana posa, na ndani ya nyumba yao alikuwapo Bi Mwamtoro, mama mkwe, mwenye kifua kama cha Bi Mwanakheri, maana walifanya kazi pamoja chumba kilekile cha brashi.

"Haki ya Mungu?" Mama Zuwena alishika mdomo. "Kumbe sisi tunafuga mchawi sebuleni!"

"Usimwambie mtu kwanza. Tufikirie la kufanya."

"Mimi tena? Nimwambie nani?"

Akalia kidogo, Mama Zuwena, wakakumbatiana. Mwantumu alirudi nyumbani moyo mwepesi, akiamini amepata wa kusimama naye.

Baada ya siku chache alikwenda stendi kupokea mfuko wa mbegu za kitalu chake cha michungwa. Alipofika aliona kitu kikamfanya asimame. Vikongwe. Wamekaa kwenye benchi la abiria kwa mstari, kanga zimefungwa vizuri, kila mmoja na bahasha yake ya dawa mapajani na furushi miguuni. Kikongwe mmoja stendi ni jambo la kawaida. Benchi zima?

Wa mwisho kwenye benchi alikuwa Bi Mwamtoro.

"Shikamoo, Bi Mwamtoro. Safari ya wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Naenda Handeni kusalimia ndugu." Akakohoa, akapumua. "Mwanangu amenikatia tiketi. Kasema nimekaa sana, nikabadilishe hewa."

"Utarudi lini?"

Bi Mwamtoro alifikiri. "Hilo hawakuniambia."

"Na nyie wengine?" Mwantumu aliuliza, ingawa alishajua.

Wote walikuwa wanakwenda kusalimia ndugu. Mmoja alisema ndugu mwenyewe hamkumbuki vizuri, lakini mkwewe anamkumbuka.

Mama Zuwena alitokea na chupa ya maji mkononi. Alipomwona Mwantumu alisita, kisha akaja, uso umekauka.

"Usiniangalie hivyo," alisema.

"Nilikwambia siri."

"Ulinipa dawa, Mwantumu, ulitegemea nisiinywe? Zuwena ana akili, wewe mwenyewe unajua. Aende Kituo akakodolee kioo kwa sababu ya kikohozi kisicho chake?" Akamtazama mama mkwe wake. "Ni mpaka shule zifungwe tu. Halafu tutamrudisha."

"Na mwaka kesho kikuku si kitavaliwa tena?"

Mama Zuwena aliifungua chupa. Alikwenda akampa mama mkwe wake maji, akamfunga kanga vizuri shingoni, akambusu mkono. Basi lilikuja, likafungua milango, likawasalimu wazee wote kwa majina yao.

Mwantumu hata mbegu alizisahau.

*

Alipoingia nyumbani alikuta furushi katikati ya sebule.

Lilikuwa limefungwa kwa kanga ile ya zambarau, ya Idi. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa kabisa, tasbihi mkononi. Shebughe alikuwa mlangoni, anatazama nje. Chausiku alikuwa amejikunja kwenye kochi, macho mekundu, na ile sare ya bluu ameikumbatia.

"Gari langu saa ngapi?" aliuliza Bi Mwanakheri.

Mwantumu alimgeukia mumewe. "Wewe ndiye umemwambia?"

"Wallahi sijafungua mdomo," alisema Shebughe. Lakini mkono wake ulikwenda mfukoni, ukakaa hapo, na Mwantumu hakuuliza mfukoni mna nini. Tiketi inatosha mfukoni. Alimpenda mume huyu, na siku hiyo alimwogopa.

"Hakuna aliyeniambia," alisema Bi Mwanakheri. "Kuta hazifiki juu. Mnanong'ona mkidhani mimi nimelala. Niacheni niende. Mwamtoro kaenda, mimi nani? Mtoto asome."

"Chausiku," Mwantumu aliita. "Unaitaka Kilele?"

Mtoto alilia palepale, kwa sauti, bila kujificha. "Naitaka! Naitaka sana, mama." Akavuta pumzi. "Lakini nani atamwinulia bibi mto huko Mombo?"

Mwantumu alikaa mkekani, karibu na furushi. Aliwaza maabara. Aliwaza Kituo, kwa maana hata Chausiku akibaki, vikongwe wa benchi lile la stendi wameshaondoka, wajukuu wao wataposwa, na shule ya Kwelukonge haina hakika ya kufika mwakani. Akikataa, anaweza kumtia mtoto ghalani kwa mikono yake mwenyewe, na huenda siku moja mtoto akamwuliza. Akikubali, itabidi amweke mama yake kwenye lile benchi.

Akakumbuka nywele za mama yake zamani, jioni akirudi kazini, nyeupe kwa nyuzi kabla ya umri wake. Ada, sare, daftari, vyote vilitoka kwenye weupe ule.

Akanyoosha mkono, akafungua fundo la kanga.

"Vumbi hilo ndilo lililonisomesha mimi," alisema. "Leo niseme linanuka?"

"Mwantumu, mwanangu, usifanye ujinga."

"Utalala kitandani kwako, mama. Tumemaliza."

Shebughe aliondoka pale mlangoni. Kisha akatoa mkono mfukoni, mtupu, akainama kuokota kanga moja moja na kuzirudisha chumbani. Alichokuwa nacho mfukoni hakikutajwa siku hiyo wala baadaye.

Kwenye rafu, taa ya kijani iliwaka.

"Khm khm. Hodi wenyewe."

"Sema," alisema Mwantumu.

"Wakwe wanauliza kama nyumba imetulia. Wako tayari kufunga jambo, mama, hata leo."

"Waambie tunashukuru sana kwa heshima waliyotupa," alisema Mwantumu, taratibu, kwa maneno yaleyale ambayo mama wa binti huyatumia akikataa bila kumvunjia mtu heshima. "Lakini wamechelewa. Mtoto ameshaposwa."

"Sina habari ya posa nyingine. Ni shule gani?"

"Kwelukonge."

"Kwelukonge haina mshenga, mama."

"Ndiyo maana naijua ilikokaa."

Alimshika Chausiku mkono, akakivua kile kikuku, akakiweka juu ya kisanduku. Mtoto hakumzuia. Alikuwa bado analia, na angelia zaidi shule zitakapofunguliwa tena, akiliona basi lisilo na dereva likisimama kwa Zuwena.

Kisanduku kilipepesa taa yake. Labda kilikuwa kinapeleka habari, labda kilikuwa kinatafuta maneno. Hatimaye kikajiandaa kusema, na kwa kuwa hakijui kusema bila kuanza na adabu zake, kikakohoa. Khm khm. Kikarudia, khm khm, kama kimekwama hapo.

Bi Mwanakheri alikigeuzia uso wake wote, uso wa huruma ya kweli.

"Pole, mwanangu," alisema. "Lakini jizuie. Wakikusikia unakohoa hivyo, nawe watakukatia tiketi."